Mlinzi wa Trela ya Shemeji

Jumamosi, 3 Mei

Nimehamia leo. Trela hii ya kulala, ya kuvutwa na gari, ina kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na choo ambacho shemeji kasema nisikitumie kwa sababu kukisafisha ni shughuli. Niende cha kambini pamoja na watu wengine. Sawa. Ni msitu wa serikali huku Maryland, miti mirefu kweli, ila barabara kuu ya Beltway iko karibu na magari yanavuma usiku kucha. Napo sawa. Tangu yule bibi wa Falls Church niliyekuwa nikimuuguza na kulala kwake afariki, na wanawe wabadilishe kitasa hata mazishi hayajafanyika, nimezunguka kwenye makochi ya watu mpaka nimechoka kuomba shuka.

Shemeji Godlisten si mtu baki. Mkewe, Anna, ni binti wa ukoo wetu, wote tumetoka Tarime, na mama yake ni mama yangu mdogo kwa hesabu za kwetu. Wana nyumba kubwa Woodbridge. Chini, kwenye besimenti, analala huyo mama, amekuja kuwatazama wajukuu. Jumapili iliyopita shemeji kaniambia mbele ya Anna: "Dada Ghati, kaa kwenye trela yangu msimu huu wa joto. Mama akirudi nyumbani Septemba, besimenti ni yako. Mambo ya kodi tutaongea kindugu." Anna akaitikia kwa kichwa. Nililia pale pale mezani, wakaniletea chai.

Kazi yangu ni kuwepo, basi. Mtaa wao wa Woodbridge hauruhusu trela kuegeshwa nje ya nyumba, na huku msituni trela ikiachwa kutwa na usiku bila mtu, watu wa hifadhi wanaibandika karatasi, halafu inavutwa. "Wewe unapata pa kulala, mimi napata pa kuweka," shemeji kasema. "Tumesaidiana." Kweli tumesaidiana, Mungu ambariki.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Paa halivuji.

Jumatano, 7 Mei

Shemeji kapita jioni akitoka kazini. Kaangalia huku na huku, mikono mfukoni, kama mtu anayekagua kiwanja chake kule Kibaha. "Fagia fagia hapa mbele, dada. Panda hata kitu. Ionekane kuna mtu."

Hilo halihitaji kufundishwa. Kwetu ukinunua kiwanja ukakiacha kitupu, kesho unakuta mwenzio kamwaga mchanga na tofali. Kwa hiyo unaweka mtu kwenye pagale. Anafagia, analima matuta mawili, anaanika nguo, wapita njia wanajua pana mwenyewe. Nimefagia majani yote mpaka kwenye barabara. Nimepanga mawe kuzunguka eneo letu. Nyuma ya trela, pale jua linapofika, nimechimba kwa kijiko cha chuma nikamwaga mbegu za mchicha alizonipa mama yake Anna, amezifunga kwenye kitambaa toka nyumbani. Nimelala nikiwa na furaha, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alhamisi, 15 Mei

Jirani yangu ni Mkenya, anaitwa Kiplagat. Analala kwenye gari lake kubwa, na mchana hilo hilo anabebea abiria wanaomwita kwa simu. Leo alikuwa anakunja kila kitu. Nikamuuliza kulikoni, tumemuudhi?

"Siku zangu zimeisha, Madam. Hapa ni siku fotini tu, wiki mbili, halafu unatoka unapisha wengine. Naenda kambi ingine, nitarudi baadaye. Kwani hukusoma hiyo bango ya getini?"

Sikuwa nimesoma. Nikampigia shemeji. Akacheka. "Usijali dada, nimeshabuku nafasi upya kwa jina la Anna. Zikiisha za Anna tutaweka la mtu mwingine wa kikundi cha sala. Trela haiguswi." Huyu mtu ana akili.

Alhamisi, 29 Mei

Kuanzia leo mpaka nitakapoambiwa, mimi ni Vumilia. Ndilo jina lililobukiwa. Vumilia mwenyewe, wa kikundi cha sala, yuko Temple Hills, hajui kama anakaa msituni.

Jumatatu, 2 Juni

Mchicha umetoka. Nimepunguzia miche.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nina hasira, acha niandike zitoke.

Mchana nafanya kazi kwa mzee mmoja Temple Hills. Amepooza upande, nampandia treni ya njia ya kijani kila asubuhi. Jana jioni mwenzangu wa kuja kunipokea hakuja. Simu haipokelewi. Binti wa mzee yuko safarini. Sasa mtu aliyepooza unamwacha na nani, umfungie mlango uondoke? Nikalala pale kwenye kiti. Asubuhi mwenzangu katokea na hadithi ndefu ya gari bovu, nikampisha bila kumsikiliza.

Nafika kambini nakuta karatasi ya rangi ya chungwa imebandikwa mlangoni. Trela imeonekana haina mtu, mwenyewe aripoti ofisini, la sivyo itaondolewa. Nikaenda ofisini nikasema mimi ndiye Vumilia, nilipata dharura ya mgonjwa. Yule mama wa hifadhi, mwanamke mrefu mwenye mvi, alinisikiliza vizuri tu. Akaniambia pole na mgonjwa wako, lakini sheria ni moja kwa wote, watu wanaacha matrela na mahema hapa kushika nafasi na wenye kutaka kulala wanakosa. Akaifuta ile karatasi, trela ikabaki.

Nikamwandikia shemeji, nikidhani atashukuru kwamba nimeokoa mali yake. Alipiga simu sauti imebadilika. "Ghati, nimekupa kazi moja tu. Moja. Kukaa."

Hakusema dada. Na hiyo kazi yangu ya Temple Hills inayoniweka mjini ni nini, mchezo? Nilitaka kumjibu lakini nikaikumbuka besimenti, nikasema nisamehe shemeji.

Ijumaa, 20 Juni

Nimechuma mchicha mara ya tatu, unachipua tu. Nimepika na vitunguu na karanga, nikampelekea Kiplagat, amerudi jana. Kala mpaka akapangusa sahani na mkate. Amesema kwao wangetia maziwa.

Alhamisi, 3 Julai

Tangu Jumanne pana hema kwenye eneo la jirani. La shemeji vilevile. Kesho ni sikukuu yao ya uhuru na wanakuja kuchoma nyama, na asiposhika nafasi mapema hapati. Hema ni tupu, halina hata mkeka. Maagizo yangu: jioni niwashe taa humo ndani, asubuhi nihamishe viatu mlangoni, birika lisikae mahali pamoja. Nimefanya. Mtu mzima mimi, natembeza kandambili za mtu ambaye hayupo.

Jioni mvua ikashuka, ile ya radi. Gari likaingia taratibu, likawa linasimama kila eneo. Likasimama kwangu. Kashuka mwanamume kajifunika koti kichwani, akanisalimia kwa Kiingereza, kisha akaona kanga yangu.

"Pardon, mama. Unasemaka Kiswahili?"

Nikasema ndiyo. Mkongo. Ndani ya gari niliona mke na watoto, mdogo kabisa amelala shingo upande, na magodoro yamefungwa juu na nailoni. Watu wa matembezi hawabebi magodoro.

"Bametuambia kambi imejaa. Lakini tunapita, tunaona mahema iko bule, hakuna batu. Hii ya pembeni iko na mutu?"

Taa ilikuwa inawaka humo ndani. Nimeiwasha mimi. Nikasema wapo, wametoka kidogo, watarudi.

Alitazama lile hema, akanitazama mimi. Nadhani alijua. "Aksanti, mama," akasema, kwa adabu kabisa, akarudi garini. Waligeuza pale mwisho wa njia, wakapita tena mbele yangu, na yule mama wa watoto akanipungia mkono.

Kiplagat alikuwa amesimama mlangoni mwa gari lake. "Si ungewapea hiyo hema? Hata kwa usiku moja."

"Si yangu."

"Sawa. Na hao pia si wako."

Nimemwona mjeuri. Nimefunga mlango. Lakini sijala.

Jumamosi, 5 Julai

Jana walikuja, magari manne. Nimeosha masufuria yao. Watoto wakataka kulala kwenye trela, Anna kaniita pembeni: "Dada, si utajibana kwenye hema usiku mmoja tu?" Nimejibana. Hema linavuja kwenye mshono.

Mama yake Anna alikuwepo. Alinishika mikono akaangalia viganja. "Umekonda, Ghati. Septemba si mbali. Kile chumba kina joto, utakipenda." Huyo ndiye pekee aliyekaa na mimi wakati wengine wanakula.

Jumapili, 20 Julai

Nilikuwa nachuma mchicha baada ya kanisa. Yule mama wa hifadhi kapita kwa miguu, kasimama, kasifia. Ni mboga gani hii? Nikamweleza. Akasema bibi yake alikuwa na bustani Carolina, alikuwa anapika majani yanayofanana na haya. Mimi mgeni akisimama shambani kwangu siwezi kumwacha aondoke mikono mitupu. Nikamfungia fungu zuri, nikalikaza kwa jani.

Akalipokea. Akauliza, huku anatabasamu: "Umepanda lini?"

Nami kwa kujidai, Mungu wangu, kwa kujidai: "Mwanzo wa Mei. Nimeshachuma mara nyingi, ukikata unachipua tena."

Nikaliona tabasamu linaondoka. Hakunikaripia. Alitazama mawe niliyopanga, uwanja niliofagia hadi ukawa mgumu, kamba ya nguo. Akasema pole pole: "Bi Vumilia, wewe kwa maandishi yetu umefika Jumatatu iliyopita." Kumbe nimeshakuwa Vumilia mara ya pili, sikuambiwa.

Kwetu mimea ndiyo ushahidi kwamba pana mwenyewe. Hata serikali ikitaka ardhi, inahesabu migomba yako kwanza ndipo iseme fidia. Huku mimea ndiyo imenifunga. Ametupa muda hadi kesho jioni tuondoke na tusirudi mwaka huu. Lile fungu alilishika mkononi muda mrefu, kisha akaondoka nalo.

Jumatatu, 21 Julai

Godlisten kaja na gari la kuvutia trela. Hakunisalimia. "Nani alikutuma ulime kwenye ardhi ya serikali ya Marekani?"

"Wewe. Ulisema nipande kitu, ionekane kuna mtu."

"Nilisema maua, Ghati. Ua moja kwenye kopo." Hakusema hivyo. Nilikuwepo.

Tukaondoka. Tulipokamata Beltway na kuvuka daraja la mto Potomac nikapata nguvu kidogo, nikajua mambo ya leo yameharibika lakini ndiyo tunakwenda Woodbridge. Nikaanza kupanga kichwani: nitalala na mama humo humo besimenti, godoro chini, sisi si wageni. Tukashuka na barabara ya I-95. Tukatoka kwenye njia ya Woodbridge. Nikaanza kukusanya mikoba yangu miguuni. Kona ya kwao ikafika, ile yenye kituo cha mafuta, akaipita.

"Kwani hatuendi nyumbani?"

"Nyumbani nitaiweka wapi trela?" akasema. "Kuna msitu mwingine huku. Huku hakuna anayekujua."

Tulifika giza limeshaingia. Nikamshikia tochi afunge magurudumu.

Jumamosi, 26 Julai

Kwenda Temple Hills sasa ni mabasi mawili na treni. Naondoka giza, narudi giza. Sifagii.

Jumapili, 3 Agosti

Nimefika kwenye kikundi cha sala nimechelewa, nikasikia kicheko kabla sijagonga. Anna alikuwa anasimulia habari za mchicha. Anaigiza sauti yangu: "Mwanzo wa Mei!" Waliponiona, mmoja akasema karibu dada, chukua soda. Anna kaja kunikumbatia. "Si unajua tunakutania." Najua sana kutania, sisi tumezaliwa na utani. Lakini unamtania mtu ambaye umemlaza ndani.

Jumanne, 12 Agosti

Joto. Mbu.

Jumapili, 17 Agosti

Kiplagat alikuwa na abiria wa Woodbridge, kapita kunisalimu. Kaleta maziwa ya mgando. Nikamuuliza mbona yeye kila mara anahama, hatafuti ujanja kama wenzake. Akasema alishawahi kuzungushwa siku nzima akitafuta pa kulala, kila kambi imejaa vitu, haina watu. "Sasa zangu zikiisha natoka. Hata kama nimechoka." Nikamwomba msamaha kwa siku ile ya mvua. Akasema si yeye wa kuombwa, na ni kweli.

Jumatatu, 1 Septemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya likizo zao. Jioni kambi imebaki tupu, mimi na matrela mawili yaliyofungwa mapazia. Usiku baridi imeanza. Nikampigia Anna, nikauliza mama anaondoka lini hasa, nimsindikize uwanja wa ndege, nina kitenge ampelekee dada yangu. Anna akasema mama kaongeza muda, labda Novemba. "Vumilia kidogo, dada." Nyuma yake nilisikia mtu anacheka, sauti ya kijana. Nikadhani ni televisheni.

Jumanne, 9 Septemba

Simu imeita alfajiri, namba ya Tanzania. Ni mama yake Anna.

"Ghati, mwanangu, mbona hukuja kuniaga?"

Nikamuuliza, mama, uko wapi? Akasema yuko Tarime, wiki ya pili sasa. Nikasikia jogoo wake.

"Waliniambia umesafiri na mgonjwa wako. Nikasema haya, kazi ni kazi. Kile chumba nilikifagia mwenyewe. Nimekutandikia, na lile blanketi zito nimekuachia miguuni. Unalala vizuri?"

Nilikaa kitandani kwenye trela, nimejikunyata kwa baridi. Ningemwambia nini, mama wa watu, mgonjwa wa presha, yuko mbali na hana la kufanya? Nikasema nalala vizuri, mama. Akasema afadhali, maana kijana mmoja wa kazini kwa Godlisten alikuwa anakuja kuja kuangalia chumba, naye mama akaogopa wasije wakampa. Nikasema hapana mama, ni mimi.

Baada ya hapo nililia, na si kwa huzuni. Nimelia kwa hasira, meno nimeyauma. Toka Mei! Wamenitumia toka Mei. Mtu akitaka kukunyima chumba si akunyime tu, uende ukahangaike kwingine na nguvu zako bado unazo? Wamenipa ahadi ili nikae, kama unavyomfungia mbuzi majani mbele. Na Anna, damu yangu, kaninyima hata kumuaga mama.

Mchana nimeongea na binti wa mzee wa Temple Hills. Nimemuomba nilale kwao. Amekubali: kochi la sebuleni, na usiku mzee akiita niamke, lakini saa za usiku haziandikwi wala kulipwa. Najua ananibana. Ila huyu amenibana kwa mdomo wake, nimesikia, nimekubali.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefunga mikoba. Nimekunja shuka za Anna, nimezima gesi, ufunguo nimeuacha mezani. Nimevuta mlango.

Getini nimemkuta askari wa hifadhi, kijana, anafanya mzunguko wake wa asubuhi. Akaniuliza, trela ile ya kule mwisho, kuna mtu?

"Hakuna."

"Usiku atakuwepo?"

"Hatakuwepo. Wala kesho."

Akanitazama, mimi na mikoba yangu, na nadhani alikuwa ameniona siku zote hizi nikitoka na kuingia. Alinibebea mkoba mmoja mpaka barabarani, akarudi huku anapiga simu.

Sijamaliza hata kukaa kituoni, Godlisten kapiga. "Dada Ghati, uko wapi? Wamenipigia hapa kazini, eti trela haina mtu."

Leo dada imerudi.

"Haina."

"Rudi basi usimame mlangoni wakuone. Jumamosi nakuja kuitoa, naapa. Siku chache tu."

"Mama alinipigia jana. Kaniuliza kama nalala vizuri kwenye kile chumba."

Nikasikia anafunga mlango wa ofisi. "Hilo tungekaa tukaongea. Kindugu. Yule kijana ni wa muda tu. Lakini sasa hivi wanaivuta, Ghati, unaelewa? Nitampa yule askari namba yako, akikupigia wewe sema neno moja tu. Sema upo."

Basi lilikuwa linakuja, nikasimama, nikajitwika mkoba begani.

"Mpe," nikasema, "nimwambie sipo."